Samir Issa, Mzaliwa wa Yafa, Palestina

Wapendwa waombolezaji, majirani wa hapa Azaiba, Muscat, mafundi wa Matrah, na ninyi Watanzania wenzangu mlioomba ruhusa kazini leo mkanyimwa na bado mkaja, mimi ni Simoni, kaka yake Nyamizi, mke wa marehemu, na kwa kuwa ndugu zake wa damu wametawanyika Beirut, Amman na Chile na hakuna aliyepata viza kwa wakati, familia imenituma mimi shemeji yake niisome historia hii, nami nitaisoma yote.

Marehemu Samir Issa alizaliwa tarehe 17 Machi 1944, katika mji wa Yafa, Palestina, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Issa, mfanyabiashara wa machungwa, na mkewe mama Nawar. Narudia kwa walioko kule nyuma karibu na magari: Yafa, Palestina.

Narudia kwa sababu jana kwenye kamati ya mazishi baadhi ya wenzetu, watu wazuri tu, waliobeba viti na kupika chai, waliniomba niandike kwamba alizaliwa Mashariki ya Kati ili tusilete siasa msibani, na mwingine akafungua ramani kwenye simu akatuonyesha kwamba Yafa leo iko Israeli, basi tuandike hivyo yaishe, nami nikawauliza kama marehemu angezaliwa Tabora tungeandika Afrika tu, na dada yangu, ambaye tangu siku ya msiba hajaonja chakula, akasema kutoka chumbani kwamba nikilikwepa neno hilo nikae chini atasoma mwenyewe. Sasa nimwogope nani, kamati au Nyamizi?

Tena hii ni ahadi, na ni ya siku nyingi, kwani mwaka 2009 tulipomuaga hapa Muscat mwenzetu Aika, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Moshi, shemeji alisikia historia ya marehemu ikisomwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na njiani kurudi akaniambia kwamba sisi tuna jambo zuri sana, hatumziki mtu mpaka tuseme kwa kipaza sauti alizaliwa wapi, ilhali baba yake mwenyewe alizikwa kambini Lebanon kaburi limeandikwa mkimbizi, basi, kana kwamba ukimbizi ni mji. Alinishika mkono palepale akataka niahidi, nikaahidi, na kila Krismasi tangu hapo amenikumbusha, hata pilau ikiwa bado mdomoni.

Kuhusu elimu, marehemu alitoka Yafa kwa mashua mwezi Aprili 1948 akiwa na miaka minne, vita ikiwa imefika mlangoni kwao, akasoma katika shule ya kambi karibu na Beirut, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1963 hadi 1965, alikojifunza kutengeneza majokofu na viyoyozi.

Kuhusu kazi, alifanya kazi Kuwait kwa miaka kumi, akaja Muscat mwezi Februari 1976, na mwaka 1981 akafungua duka lake Matrah, akaliita Majokofu ya Yafa, na wateja wote waliopo hapa ni mashahidi kwamba ukiuliza tu Yafa ni nini, fundi aliweka bisibisi chini akaanza kusimulia, wavuvi wa Qurayyat walileta friza zao zimejaa samaki, barafu ikayeyuka wakati wao wanaelezwa harufu ya machungwa, wakakasirika, na mwezi uliofuata wakarudi kwake yuleyule.

Kuhusu ndoa, jokofu la bweni la wauguzi, alikoishi Nyamizi, lilikuwa linaharibika kila wiki, na sisi wa ukoo tunajua nani alikuwa akilegeza waya, basi wakafunga ndoa tarehe 5 Juni 1987, kanisani Ruwi. Kabla ya hapo alikwenda Tabora kujitambulisha, na mzee wetu akamuuliza, kama tunavyouliza wakwe wote, kwamba sisi tutakuja lini kuona kwenu, na mwanaume huyu mzima akalia mbele ya mkwewe, hata wanawake jikoni wakaacha kupika, na baba akamkubali siku ileile, akisema mtu asiye na kwao halii namna hiyo. Kiswahili alikipata kwa majirani zetu wenye asili ya Unguja, ndiyo maana alisema nnakwenda na nnataka mpaka mwisho, na sisi wa bara tulimcheka mpaka mwisho.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, Reem na Hadeel, na Reem alikuwa bado tumboni tarehe 15 Novemba 1988, siku Wapalestina walipotangaza uhuru wao, baba yake akafunga duka na kugawa halwa uchochoro mzima.

Kuhusu ugonjwa, moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023, na sitaficha, vita ya Gaza ndiyo iliyommaliza, alikaa na picha za wale watoto hadi tukamnyang'anya simu, lakini hakuwafundisha mabinti zake kumchukia mtu, na vita ilipoanza Hadeel alimwona akiwalilia pia waliouawa upande wa pili, kwani alisema anachotaka ni uwanja wenye timu mbili, kila moja na wimbo wake wa taifa, si kumfukuza mwenzake uwanjani.

Tarehe 10 Juni 2025 Palestina ilicheza na Oman kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, ikaongoza, ikabaki dakika moja hivi, ikafungwa penalti ya kusawazisha, ikatolewa, na mtaa mzima wa Azaiba ukakaa kimya kwa ajili ya mgonjwa wetu, mpaka akamwamuru Reem asukume kiti chake hadi mlangoni kwa jirani Mzee Humam, akamgombeza kwa nini hashangilii timu yake, na Mzee Humam alipomwambia anamwonea huruma, akajibu huku machozi yanamtoka na anacheka kwamba ashangilie tu, timu isiyokuwepo haifungwi. Na mwezi Septemba nchi kubwa zilipotangaza kuitambua Palestina, alipokea simu zote za pongezi kwa adabu, kisha akamwambia Hadeel kwamba anawashukuru, ila yeye hakuwa amepotea.

Marehemu alifariki nyumbani Azaiba, Ijumaa tarehe 9 Januari 2026, akiwa na miaka themanini na moja, ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja, Fajr, ambaye ukimuuliza kwao wapi anataja Muscat, Tabora na Yafa bila kupumua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, Mzee Humam na majirani waliopika na kuchimba nasi kaburi bila kuuliza dini, mafundi wa Matrah waliofunga maduka leo, na kamati ya mazishi, kamati yote, pamoja na mwenye ramani, ambaye leo asubuhi ndiye aliyeandika juu ya msalaba kwa mkono wake, Yafa, Palestina, na rangi bado mbichi, naomba msiuguse.

Mimi nimezaliwa Tabora mwaka 1961, na hakuna aliyewahi kuniomba nithibitishe kwamba Tabora ipo, huyu aliombwa miaka themanini. Basi mkitoka hapa, mkiulizwa mmetoka kumzika mtu wa wapi, semeni.

Shemeji, nimesoma, na kipaza sauti hakikukatika. Pumzika kwa amani, mtu wa Yafa.