Sura Isiyokuwa Kitabuni

Pirogi, mtumbwi wenye mota, ilikuwa inatuvusha mto kwenda Lubunga. Mbele yangu mama wa miaka arobaini hivi alikuwa anamwonyesha mzee asiyemjua kitabu cha michoro, alichochora mwenyewe juu ya maisha yake. Mzee aliacha kupekua alipofika ukurasa wa vita ya siku sita iliyopigwa mjini mwetu. Mchoroni, msichana alikuwa amekaza komeo la mlango kwa ndani.

“Huyu ni wewe?”

“Ni miye, papa. Jirani yetu alikuwa anagonga, mutoto mu mugongo, mabombi inaanguka. Sikufungua. Toka ile siku nilibadilika. Kitabu yote inaeleza vile nilibadilika.”

“Bon, wewe ulibadilika. Na yeye?”

“Alikufa pale inje. Na mutoto yake.”

Mzee alipekua kurasa tena. Sisi wengine tulijifanya tunaangalia maji. “Sura yako iko kila fasi. Ya yeye iko wapi?”

“Nitaichora namna gani? Sikufungua mulango.”

“Mama, alikuwa jirani yenu. Ulikuwa unamuona kila siku.”

Pirogi iligonga matope ya ng'ambo. Mzee alimrudishia kitabu, akashuka bila kuaga.