Kiganja cha Fundi Maduhu

Mzee Deusdedit Maduhu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Bugarama, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Magesa na marehemu Mama Limi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha akaenda Geita kujifunza useremala.

Wenzake walikimbilia dhahabu, yeye akabaki na randa. Msasa wake aliufunga kwenye kibao, maana ukiusukuma kwa vidole mbao inaingia mabonde na kingo zinaliwa. Halafu alifumba macho na kupitisha kiganja. Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliwahi kumharakisha: "Mzee, kitanda kinang'aa, nipe niondoke." Akajibiwa, "Kinang'aa machoni tu. Hebu gusa hapa pembeni." Jamani, mzee huyo! Tajiri wa watu alisubiri mpaka jioni.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Lusia, na mwaka 1990 wakahamia Kambarage, Shinyanga mjini. Binti yao wa kwanza, Noela, alipomaliza shule alishika randa. Majirani walimcheka, baba yake akawanyamazisha. Ila kumsifu, hata siku moja. Aligusa kazi yake na kusema, "Rudia." Noela alirudia, na neno hilo liliendelea kumuuma hata alipokuwa fundi wa kutegemewa.

Oktoba 2024 Mzee alianza kubanwa na kifua. Alipoona hapati nafuu, alimwambia Noela amtengenezee jeneza la mninga. Noela akashtuka. "Baba, huo ni uchuro! Bado upo."

"Sasa nikishakufa nitaligusaje?"

Noela alilia, akafunga msasa kwenye kibao, akaanza. Kifuniko kilipokamilika alimpelekea kitandani. Mzee alifumba macho, akapitisha kiganja katikati, akaenda mpaka ukingoni, akarudi. Noela alisimama pale akiogopa lile neno.

"Wabeja, ng'wanone," akasema. Asante, mwanangu.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Noela, watoto watatu, Noela, Eliya na Rebeka, wajukuu saba, na mdogo wake Marselino, anayewasomea haya. Mtakapopita kumuaga, wekeni kiganja juu ya kifuniko. Kimepita mkononi mwake, hakirudiwi.

Lala, kaka, upumzike kwa amani.