Beleshi Nililomshushia Mzee wa Treni

Wapendwa, mniwie radhi nikisema huku nimeshika kiti.

Mnanijua kama yule baba wa mtaa wa Saltley, huku ugenini, anayependa kucheka. Nyumbani sikuwa huyo. Nilikuwa nampiga mama wa watoto wangu, kwa ngumi, kwa mkanda. Siku ya mwisho nilimvunja mkono kwa sababu tu alichelewa kutoka kanisani. Polisi wakanichukua, yeye akahamia na watoto kwa dada yake, mtaa wa Stechford.

Nilipoachiwa nilikaa tu nyumbani. Dada mmoja wa hapa kanisani, nesi kutoka Kenya, akanipeleka kwa jirani yake wa mtaa wa Acocks Green, mzee Mwingereza aliyejitolea kila wikendi kwenye reli ya treni za zamani za mvuke. Nikawa nazoa majivu, nasugua vyuma, napakia makaa ya mawe. Mzee alinifundisha kwa upole, hata nilipokosea.

Ndugu zangu, nawaambia, hasira ilinifuata hadi huko. Jumamosi moja mvuke ulifyatuka nyuma yangu kwa kishindo. Mimi nikasikia bunduki. Nikaiona ile asubuhi ya vita kwetu Kivu, askari walipompiga risasi kaka yangu mbele yangu. Nikageuka na beleshi, nikamshushia mzee kichwani. Akaanguka, damu ikamfunika uso. Nikaliinua tena.

Akanitazama kutoka pale chini, akauliza polepole, "Unamwona nani?"

Beleshi likanitoka. Nikamfunga kichwa kwa shati langu, nikilia, nikimweleza habari za kaka kwa Kiingereza changu kibovu.

Alishonwa nyuzi tisa. Nilipokwenda kumwomba radhi, nilimweleza pia niliyomtendea mke wangu. Alisema amenisamehe kwa lile beleshi. Kisha akaniambia, "Siku ile ulishtuka. Mkeo je, alikushtua na nini?"

Wiki hiyo hiyo nikaanza kwenda kwa mshauri nasaha, na bado naenda. Mama wa watoto hajarudi, wala simdai arudi. Watoto naonana nao Jumapili, dada wa mama yao akiwepo. Mdogo bado hukaa mbali na mikono yangu.

Namshukuru dada nesi. Namshukuru mzee, aliyenirudisha kazini kabla kidonda chake hakijapona. Na ninyi akina baba mnaonisikiliza: vita vilituumiza, ni kweli. Lakini mkono uliompiga mke wangu haukushikwa na askari yeyote. Ulikuwa wangu.