Alama za Albamu ya Saba

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu alikaa fundi saa mwenye daftari lililochakaa. Mshonaji aliyekaa kando yake akachungulia bila aibu. "Mzee wangu, albamu ya tatu ya bendi hii ya roki umeipa alama nne kwa kumi? Una masikio kweli?"

"Nne ni za marehemu kaka yangu, mama. Mimi niliipa tisa. Hatukusemeshana wiki nzima."

Alieleza utaratibu wao. Kila albamu ya bendi ile waliisikiliza pamoja mara tatu, kisha kila mmoja akaandika alama zake kwa siri. Daftarini, albamu sita zilikuwa na alama za wote wawili. Ya saba ilikuwa na jina tu.

"Ya saba ndiyo kiboko yao," mshonaji alisema. "Mwimbaji kazeeka vizuri." Mimi huyo mwimbaji hajawahi kunivutia, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Ilitoka baada ya mazishi," fundi alisema. "Miaka tisa sasa. Nikiisikiliza peke yangu, basi ndiyo kweli hayupo."

"Kaka yako angeipa ngapi?" mshonaji aliuliza.

Fundi akapitisha kidole kwenye alama za kaka yake. "Mbili," alisema, akacheka. "Kwa kunichokoza tu."

Mshonaji akaitafuta albamu ya saba kwenye simu yake, akachomoa kisikilizio kimoja sikioni mwake, akampa. Fundi akakiweka kiganjani, akakitazama kama saa iliyosimama.

Treni ikafunga breki. "Hapa ndipo ninaposhuka," mshonaji alisema, lakini hakuuvuta waya wa kisikilizio, wala hakuinuka.