Risala ya Wakaguzi wa Njia Nne Kuhusu Kibuyu cha Maziwa

Mgeni rasmi, viongozi wa kata na kijiji mlioketi meza kuu, wazee wetu shikamooni, madereva na makondakta mliozima injini ili tusikike, na ninyi abiria ambao leo mmejikuta kwenye sherehe bila kualikwa:

Sisi wakaguzi wa mizigo wa kituo cha mabasi cha Njia Nne, barabara ya kutoka Natta kwenda Mugumu mpaka Tarime, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefurahi mno kwamba umekuja kutuzindulia banda la ukaguzi. Lina bati jipya, lina meza, lina kivuli. Tunakuomba radhi kwamba mbele yako hakuna maji ya kunywa. Yalinunuliwa jana Mugumu, yakaja kwa basi, yakakwamia kwenye kizuizi chetu wenyewe. Mwenzetu Simon aliyetumwa kuyanunua alikataa kufungua hata chupa moja aonje, akasema maji ya mgeni hayaguswi na mtu mwingine. Tukayazuia. Mpaka asubuhi ya leo tumebishana kama tulifanya kazi au tulijiaibisha, na hatujapata jibu.

AGIZO LILIVYOTUFIKIA

Mgeni rasmi, zamani kazi yetu ilikuwa inaeleweka. Tulitafuta nyamapori na mirungi. Ukimkuta mtu nayo, umemkuta, hakuna mjadala.

Halafu likatokea lile jambo la petroli. Abiria mmoja alificha dumu chini ya kiti, la mafuta ya kupikia kwa nje, la petroli kwa ndani. Basi likawaka moshi katikati ya pori, watu wakatokea madirishani kama walivyokuwa, mwingine bila viatu. Mungu ni mwema, hakufa mtu. Godoro la mwalimu mgeni aliyekuwa anahamia Issenye ndilo lililoteketea, na viti vya nyuma.

Jioni ile tukapigiwa simu: kuanzia kesho asipande mtu na kimiminika chochote. Tukauliza, chochote kweli? Simu ikakatika. Tulipopiga tena tukaambiwa agizo tumeshapewa, tunauliza nini?

MAFANIKIO YETU

Tangu siku hiyo hakuna basi lililowaka. Hilo tunalisema kifua mbele. Madumu ya petroli tuliyoyakamata yamejaza stoo ya mtendaji hadi mwenyewe analalamika harufu.

Mafanikio mengine ni ya kuonja. Aliyebuni ni mwenzetu Nchagwa, kijana wa hapa hapa, mwenye akili nyepesi na roho nzuri. Alisema: jamani, watu hawawezi kusafiri bila maji wala uji wa watoto. Basi mwenye chupa afungue, anywe mbele yetu. Akinywa, apite. Petroli hainyweki. Tulimpigia makofi. Foleni ikaanza kutembea, kelele zikapungua, sisi tukajiona tumemaliza.

TUSIYOYAELEWA

Hatukuwa tumemaliza. Asubuhi samli imeganda, je, ni kimiminika? Tunairuhusu. Basi likichelewa, jua likawaka, samli ile ile inayeyuka mkononi mwa mwenyewe naye bado yupo foleni. Tumzuie? Dawa ya kikohozi ya mtoto, aonje mama asiyekohoa? Na maji ya baraka ya katekista, ambayo alisema hayanywewi ovyo? Tulikaa kikao juu ya hayo maji, tukaondoka kila mtu na lake.

Kisha akaja mzee Tomaso na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tukamwambia onja, mzee wetu. Kwa kuogopa kunyang'anywa dawa yake, mzee akafumba macho akainua chupa! Tulimrukia watu wote, chupa ikaenda huku, kofia yake kule. Ilipaswa siku ile tukae chini tujiulize. Hatukujiuliza. Tulicheka mpaka machozi, tukaendelea kuonjesha watu.

HABARI YA NCHAGWA NA MAMA AGUSTINA

Mgeni rasmi, kichwa hiki hakikuwemo kwenye rasimu uliyotumiwa. Tuvumilie.

Wiki iliyopita alishuka mama mmoja kutoka Natta, mama Agustina, mjane, anachechemea kwa nyonga. Alikuwa na kibuyu cha maziwa amekipakata kwa mikono miwili. Tulimwambia akiweke mezani, akakataa. Tulimwambia aonje, akakataa kabisa.

"Mama, ni maziwa tu, onja upite," alisema Nchagwa.

"Siwezi."

"Huwezi kunywa maziwa yako mwenyewe?"

"Si yangu, mwanangu. Ni ya Rose."

Hapo foleni ikachafuka. Mama asiyetaka kunywa maziwa aliyoyabeba mwenyewe! Mmoja akasema ni sumu. Mwingine akasema anampelekea mkwe. Dereva Selestine akapiga honi, akapaza sauti, "Mura, kijana wewe, amua, au niondoke na hawa waliokwisha kunywa!"

Katibu wetu Bupe, anayekusomea risala hii, kwao ni Tukuyu. Yeye hakuelewa kitu. Lakini Nchagwa alielewa. Amekulia huku. Alikiangalia kile kibuyu kilivyofungwa kwa majani mdomoni, akaona mama asivyotaka kigusane na meza, akajua ni maziwa ya aina gani. Kwa watu wa ukoo wa mama yule, mzazi akishamtamkia mtoto maneno mabaya, hayafutwi kwa mdomo. Anakamua ng'ombe wa nyumbani, anabeba maziwa mwenyewe, hayagusi chini njiani, na kinywa cha kwanza kinachoyanywa ni cha yule mtoto. Mzazi anakunywa wa pili. Hapo maneno yamekwisha.

Mama Agustina alikuwa na maneno ya kufuta. Binti yake Rose aliolewa Tarime bila ridhaa yake, na siku anaondoka mama alimwambia kwa hasira kwamba tumbo lake halitamtulia. Sasa Rose amelazwa huko Tarime, ana uvimbe tumboni. Madaktari wako tayari kumpasua, yeye ndiye hataki. Aliwaambia wauguzi kwamba akifa mezani na maneno ya mama yake bado yako juu yake, atakwenda nayo kaburini. Kwa hiyo wanangoja maziwa. Ndiyo, mgeni rasmi, hospitali nzima ile inangoja kibuyu.

Nchagwa anasema kichwa kilimgonga. Huku honi, huku watu wanasema sumu, huku agizo, huku mama anamtazama. Akawaza haraka: aliyekatazwa kunywa ni mama, mimi sijakatazwa. Nikinywa mimi, watu wataona si sumu, mama atapanda. Akakitwaa kibuyu mikononi mwa mama, akavuta majani, akapiga funda. "Haya, ni maziwa! Pandeni twende!"

Aliifanya kwa huruma. Tunaomba ulishike hilo.

Mama Agustina alisimama, mikono bado imekaa kama yenye kibuyu. Kisha akasema, "Basi wewe ndiye niliyekusamehe. Rose bado." Akageuka, akavuka barabara, akasubiri gari la kurudi Natta. Kile kibuyu kilibaki kwa Nchagwa, na hakuna kati yetu aliyejua pa kukipeleka. Hakikumwagwa, hakikunywewa. Kijana alikaa nacho mapajani mpaka zamu ikaisha, analia waziwazi, na sisi tunazunguka meza kama kuku waliokatwa vichwa.

Kesho yake alikwenda Natta na kibuyu kile. Alipiga magoti mlangoni, "Shikamoo mama, nimekuharibia."

"Marahaba. Inuka," mama akamwambia. "Umeshakunywa, wewe sasa ni mtoto wa humu. Mtoto hapigi magoti kwa maziwa ya kwao. Ila dada yako anangoja, na mimi naogopa kizuizi chenu kuliko barabara yenyewe."

Akakubali kukamua upya na kujaribu tena, kwa sharti kwamba Nchagwa amsindikize. Bodaboda kwa nyonga ile haiwezekani mpaka Tarime. Lazima basi.

MAOMBI

Rasimu ilikuwa na maombi ya makoti ya mvua na choo. Hayo tunayaacha, utayasoma mwenyewe.

Ombi letu lilikuwa kukuuliza kwa heshima kama maziwa ya namna hii yanaruhusiwa. Tulitaka kuuliza vizuri, kwa utaratibu, tupate jibu, ndipo mama apande. Lakini mgeni rasmi, wewe umechelewa kidogo, na basi halikuchelewa. Lile lililopiga honi wakati ukitambulishwa meza kuu ndilo lililompakia. Zamu ilikuwa ya mwenzetu Regina. Alinyoosha mkono kwenye kibuyu, akaurudisha. Akainama akanusa mdomo wa kibuyu, juu ya yale majani. Ni maziwa na moshi wa kufukizia kibuyu, akasema, hakuna petroli hapa. Pita mama.

Sote tukatazamana. Kunusa! Kwa nini hatukuwahi kukumbuka kunusa? Hatuna maelezo, usituulize.

Selestine aliuliza kama kimeonjwa. Regina akamjibu kimekaguliwa, ondoa gari. Nchagwa yumo ndani, amekaa pembeni ya mama yake. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Kwa hiyo agizo limevunjwa leo, mbele ya macho yako, wakati ukipigiwa makofi. Kama kuna adhabu, isimwendee Nchagwa wala Regina peke yao. Tuko hapa wote, tuhesabu.

Sasa ombi lenyewe. Mbele ya safari, kabla ya Tarime, kuna kizuizi kingine. Wenzetu wa pale wanaonjesha. Na kuonjesha, mgeni rasmi, tuliwafundisha sisi. Tuliwaalika, tukawaonyesha, tukapiga nao picha. Asubuhi hii tumewapigia simu tukawasihi, wakatujibu kama tulivyokuwa tukijibu watu: agizo ni agizo, labda aseme mkubwa. Nchagwa atasema nini pale? Akinywa tena, ni yale yale. Mama akilazimishwa, ni mabaya zaidi.

Mkubwa ni wewe. Namba yao imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi iliyo mbele yako. Tunakuomba sana, uwapigie sasa hivi, kabla hujapokea mkasi. Waambie wanuse. Utepe hautakimbia, basi linakimbia.

Mungu akuzidishie afya na uamuzi wa haraka, alitangulie basi lile kila kona, na ampe Rose kinywa cha kwanza. Tukitoka hapa turudi kazini tukijua tunachokikagua.

Ni sisi wako watiifu, isipokuwa leo,

Wakaguzi wa Mizigo, Kituo cha Mabasi cha Njia Nne.