Ubao wa Mwalimu Nyarangi

Mheshimiwa Afisa wa Elimu, Bwana Chifu, Pasta, wazazi wapenzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto mliojaa madirishani kana kwamba viti hakuna, hamjambo nyote?

Leo tunamuaga Mwalimu Cephas Nyarangi, mwalimu wetu wa useremala, aliyekuja hapa Oyugis baada ya miaka mingi ya kazi ya reli kule Kisumu. Nimeambiwa nimsifu. Nitamsifu, lakini mimi mkuu wa shule nina kosa la kuungama kwanza, na mke wangu Rispa amenionya nisilizungukezunguke.

Ubao wake wa garimoshi dogo mnaujua. Njia moja ya reli ya bati, stesheni moja isiyo na hata jina, garimoshi la makopo ya sadini, na mwanamke mmoja wa kuchonga, amekaa na kikapu chake anangoja. Basi. Hakuna mlima, hakuna mto.

Mwaka jana, tulipoalikwa kwenye maonyesho ya Homa Bay, nikasema jamani, tutaaibika. Nikaamuru tuongeze mlima wa udongo, ziwa la kioo, wavuvi wa Sori, soko la Ndhiwa, na nyumba ya Bwana Chifu pamoja na bendera. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Bwana Mkuu, garimoshi litapita wapi?" Nikamjibu, tena mbele ya wanafunzi, kwamba sitapeleka takataka zake Homa Bay. Naam, neno nililotumia ni hilo.

Siku ya maonyesho garimoshi likaingia mlimani, likakataa kutoka. Tukalivuta kwa waya, mlima ukaporomokea nyumba ya Chifu, pole sana Bwana Chifu, na watu wakacheka wakaenda zao kutazama ng'ombe. Mwalimu aliondoa mapambo yangu moja baada ya jingine, akabakiza reli, stesheni na yule mwanamke.

Je, mnajua nani alisimama wa kwanza mbele ya ubao? Mama Benta, muuza samaki wa Sori, ambaye garimoshi la kweli hajaliona maishani. Akasema, "Huyu ni mimi. Naenda Kisumu kumwona mwanangu." Mzee mmoja akabisha, "Hapana, huyo ni marehemu mama yangu, anarudi nyumbani." Hadi jioni watu walipanga foleni, na kila mmoja alikuwa na safari yake. Kwenye ule mlima wangu nani angepata nafasi, isipokuwa mimi? Nilisimama kando nikaona haya.

Mwalimu, tangu siku ile nakusalimu kila asubuhi, lakini lile neno sijalifuta. Sasa ubao umeufunga kwa blanketi uende nao kwako, na watoto hawa wananilaumu mimi, na ni haki yao. Mbele ya hawa wote nasema: nilikosea, na nakuomba radhi kwa moyo wangu wote. Tafadhali, tuachie ubao.

Mwalimu anakunong'oneza nini, Pasta? Anasema ubaki! Watoto, tulieni, hajamaliza. Anasema ufunguo wa chumba cha ubao apewe Dolphine wa darasa la sita, na mimi nikitaka kuingia, nimwombe ruhusa. Nimekubali, Mwalimu, na nimefurahi kupita kiasi.

Asanteni nyote kwa kunivumilia. Dolphine, mwanangu, Jumatatu nitabisha hodi.