Kumuaga Bi Takwimu, Aliyepiga Simu Kuuliza Kama Niko Hai

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, waheshimiwa madaktari bingwa, Matroni, ndugu wauguzi na watafiti, familia ya mstaafu wetu, wageni waalikwa na wagonjwa wenzangu: habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wagonjwa. Walioombwa kabla yangu wana kliniki leo. Yangu ni wiki ijayo. Kwa kazi mimi ni mwalimu wa udereva. Nimezoea kuzungumza na watu wenye hofu huku wote tumeangalia mbele, kwa hiyo mtanivumilia.

Wengi mnajua kwamba Bi Takwimu anastaafu, lakini ni wangapi mnaoweza kueleza alikuwa anafanya nini? Mume wake, shemeji yetu pale meza ya mbele, ameninong'oneza asubuhi hii kwamba tangu wafunge ndoa amekuwa akiwaambia watu mkewe ni mhasibu. Mimi nitaieleza kazi yake kama ilivyonifikia, yaani kwa simu.

Nilipopatikana na saratani ya utumbo, niliingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya. Siku ya kwanza nilikaa benchi moja na mama mmoja fundi cherehani. Aliitazama kola ya shati langu akasema, "Baba, aliyekushonea hii alikuwa anawahi wapi?" Toka hapo kila kliniki tulikaa pamoja. Alifariki mapema, mimi nikiwa bado najifunza kutamka majina ya dawa.

Ndipo nikamuuliza daktari: nimebakiwa na muda gani? Akaniambia kwa upole kwamba katika tafiti zilizotangulia, nusu ya wagonjwa wa aina yangu walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa kumi na nne wa matibabu. Daktari, nakuona hapo nyuma ya Matroni, wala usijifiche. Hukukosea. Wewe ulisema nusu, mimi nikasikia tarehe.

Nikarudi nyumbani nikajipanga. Nikauza gari la shule, lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Binti yetu akasimamisha masomo ya chuo ili akae karibu nami. Nikaacha kliniki pia, maana dawa ya nini kwa mtu mwenye tarehe? Mke wangu alilia, akatulia, akaanza kusubiri. Mwezi wa kumi na nne ukaja, ukaondoka. Wa kumi na tano vilevile. Siku moja nikiwa naongeza chakula, akanitazama akasema, "Mume wangu, mimi sikufukuzi. Nauliza ratiba tu."

Wiki hiyohiyo simu yake ikalia, yeye yuko uani, nikapokea mimi. Sauti ya mwanamke, kavu, kama anatangaza mabasi.

"Samahani kwa usumbufu. Napiga kutoka hospitali. Naomba kujua kama mume wa mwenye simu hii yuko hai."

"Nani anauliza?"

"Mtakwimu."

"Yuko hai."

"Una uhakika?"

"Ndiye mimi."

Nikasikia kalamu. "Asante sana," akasema. "Hiyo inasaidia."

Ndugu zangu, alishapata alichotaka. Angekata simu, nani angemlaumu? Badala yake akaniuliza kwa nini niliacha kliniki. Nikamweleza habari ya tarehe yangu, na jinsi ilivyopita bila kunichukua.

"Mwalimu," akasema, "nusu walikuwa wameondoka kufikia mwezi ule. Nusu nyingine walikuwepo, na ile namba haisemi lolote kuhusu walikofika. Wewe sasa uko kwenye nusu hiyo. Hesabu yako ianzie ulipo, pamoja na wenzako waliofika hapo."

"Kwa hiyo nitapona?"

"Sijui."

"Nitaishi muda gani?"

"Hilo pia silijui. Mimi hukadiria kundi, simkadirii mtu mmoja. Na kundi lenyewe linanipa taabu, kwa sababu watu kama wewe mnatoweka. Nikikuhesabu umekufa, nimedanganya. Nikikuhesabu mzima hadi mwisho wa utafiti, nimedanganya pia. Naruhusiwa kukuhesabu hadi siku tuliyokuona mara ya mwisho, halafu ninyamaze. Njoo Jumatatu."

Nilienda. Pale hospitalini yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hajui, na nikamwamini kuliko wote. Wakakuta ugonjwa, uliokuwa umenywea kwa dawa za mwanzo, umeanza kurudi, bado mdogo, wakauwahi. Kama ningesubiri maumivu, waheshimiwa, mngekuwa na msemaji mwingine. Jioni ile nilimwambia binti yangu arudi chuoni. Alikwenda kuchukua begi nyuma ya mlango, nikaona bado limefungwa kama alivyokuja nalo. Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia mvua. Hakukuwa na mvua.

Utafiti ulipokamilika, tuliitwa kuonyeshwa matokeo. Ukutani kulikuwa na mistari miwili inayoshuka kama ngazi, mmoja wa dawa ya zamani, mmoja wa dawa mpya. Wa dawa mpya ulishuka taratibu zaidi. Mheshimiwa Mkurugenzi alishika kipaza sauti akitaka kusema "muujiza". Bi Takwimu akamwomba aseme "nafuu". Mheshimiwa akasema nafuu, na tunamshukuru.

Wengine walipokwenda kunywa chai, mimi nilibaki. Nikauliza hivi vipandio ni nini.

"Kila mstari unaposhuka, kuna mtu amefariki."

Nikatazama kule mwanzoni. "Fundi wangu wa benchi ni yupi?"

"Siruhusiwi kusema."

Lakini hakuizima ile picha. Alisimama kando yangu mikono nyuma, chai yake ikapoa mezani, hadi nikatosheka kutazama. Nilijua ni pale juu, karibu na mwanzo. Bila fundi kushuka pale, mstari ule usingemfundisha daktari yeyote kitu. Hilo sikuambiwa, nililiona.

Utafiti ukafungwa. Ofisi ikahamia kwenye tafiti nyingine. Simu ya Bi Takwimu haikukoma: "Samahani kwa usumbufu, bado upo?" Nami najibu nipo, naye anashukuru, anakata. Mwezi uliopita nikamuuliza, "Bi Takwimu, hesabu zilishafungwa. Siku hizi unaniulizia kwa ajili ya nini?"

Safari hii sikusikia kalamu.

"Nataka kujua tu," akasema.

Bi Takwimu, namba zetu unazo, nasi yako tunayo. Kuanzia wiki ijayo tutakupigia sisi, kwa zamu, tena wakati wa chakula. Shemeji, ukisikia mtu anauliza kama mkeo yuko hai, usishtuke. Jibu ukweli, na umwambie mkeo anauliziwa na watu waliopo. Nenda kapumzike, mama. Usipotee.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa nilipofika.